Ndege Ndogo za Kale: Namna Wanaojitolea Wanavyozirejesha, na Wajibu wa Wananchi wa Handeni na Korogwe

Na Mwandishi Wetu

Katikati ya mwaka 1916, anga ya Korogwe na Handeni ilipitiwa na ndege ndogo za mbao na kitambaa za jeshi la Uingereza, zilizokuwa zikifuatilia nyendo za vikosi vya Wajerumani vilivyokuwa vikirudi nyuma kuelekea kusini. Leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, ndege za aina hiyo zilizosalia duniani ni chache mno. Baadhi ya zile zinazoonekana katika makumbusho ya nchi mbalimbali zimerejeshwa au kuundwa upya kwa mikono ya watu wasiolipwa mshahara: mafundi wastaafu, maseremala, washonaji na vijana wanaojifunza ufundi kwa kuutenda.

Makala haya yanaeleza historia ya ndege hizo katika eneo hili la Mkoa wa Tanga, namna kazi ya kuzirejesha kwa ajili ya maonesho inavyofanyika, na hatua ambazo mwananchi anapaswa kuchukua akikutana na masalia ya chombo cha kale. Jambo la msingi la kuzingatia ni kwamba kazi hiyo haianzii katika karakana. Huanza kwa mtu wa kwanza anayekiona kipande ardhini, na uamuzi wake wa siku hiyo ndio huamua iwapo kutakuwa na kitu cha kurejesha.

Ndege juu ya Bonde la Pangani

Ndege iliingia katika historia ya nchi yetu muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1914, rubani Mjerumani Bruno Büchner aliwasili Dar es Salaam na ndege yake kwa ajili ya maonesho ya koloni yaliyokuwa yakiandaliwa. Vita vilipoanza Agosti mwaka huo, maonesho hayakufanyika na ndege hiyo ikachukuliwa na jeshi. Haikudumu. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeanguka na kumuua ofisa aliyekuwa akiirusha.

Kwa upande wa Waingereza, Kikosi cha 26 cha jeshi lao la anga, kilichoundwa Oktoba 1915 kikiwa na watumishi wengi kutoka Afrika Kusini, kiliwasili Mombasa mwanzoni mwa mwaka 1916. Kikosi hicho kilianzia Mbuyuni, karibu na Taveta, kisha kikayafuata majeshi ya Jenerali Jan Smuts yaliyoshuka kando ya Mto Pangani na reli ya Tanga. Mapigano yalitokea Mkalamo, kando ya mto huo, mwanzoni mwa Juni 1916. Korogwe ilitwaliwa katikati ya mwezi, na siku chache baadaye Handeni nayo ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Tarehe 24 Juni yalifuata mapambano ya Mto Lukigura, kusini mwa Handeni.

Ndege iliyotumiwa zaidi na kikosi hicho ilikuwa BE2c. Ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yenye upana wa takriban mita 11.3 kutoka ncha hadi ncha, na injini ya nguvu za farasi 90 iliyopozwa kwa hewa. Ilibeba watu wawili. Mwangalizi alikaa mbele na rubani nyuma yake. Mwendo wake wa juu, takriban kilomita 116 kwa saa, haukuzidi sana ule wa gari dogo la leo katika barabara kuu ya Chalinze hadi Segera.

Kazi yake ilikuwa kupeleleza, kupiga picha na kudondosha mabomu madogo. Nyika ya Handeni, yenye vichaka vilivyosongamana, iliwaficha askari walio chini, na mwangalizi aliye angani mara nyingi hakuona chochote zaidi ya majani. Joto na unyevu vilizipinda mbao, injini zilichemka kupita kiasi, na malaria iliwalaza marubani kama ilivyowalaza askari wa miguu. Mmoja wa waangalizi hao, Leo Walmsley, aliandika kumbukumbu zake katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1920.

Nyuma ya kila ndege kulikuwa na jasho la Waafrika. Viwanja vya kutulia vilifyekwa kwa mikono. Petroli, vipuri na mahema vilifika kwa reli, kwa magari na mabegani mwa wapagazi. Katika vita hivyo pande zote ziliwachukua wapagazi kwa malaki, na makumi ya maelfu kati yao walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao. Hivyo masalia ya ndege ya wakati ule si historia ya marubani wageni peke yao. Ni ushahidi wa kazi ya wazee wetu ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote.

Kutoka vita hadi usafiri wa raia

Baada ya vita, ndege ndogo ziliingia katika shughuli za kiraia. Mwaka 1929 kampuni ya Wilson Airways ilianzishwa Nairobi na Florence Kerr Wilson, na katika miaka iliyofuata ndege zake zilibeba barua na abiria hadi Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Tarehe 1 Januari 1946 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi likiwa na ndege 6 za aina ya de Havilland Dragon Rapide. Ndege hiyo ya injini mbili, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1934, iliweza kubeba abiria 8, na mwili wake nao ulikuwa wa mbao na kitambaa. Shirika hilo lilidumu hadi mwaka 1977, mwaka ambao Tanzania ilianzisha shirika lake la ndege.

Historia hii inampa mwananchi ufunguo wa utambuzi. Kila ndege ya kiraia huandikwa alama za usajili ubavuni. Ndege za Tanganyika kabla ya Uhuru zilianza na herufi VR-T, za Kenya VP-K, za Uganda VP-U na za Zanzibar VP-Z. Alama ya Tanzania ya leo ni 5H. Kipande cha bati chenye herufi mbili au tatu tu za alama hizo chaweza kumwezesha mtafiti kuitambua ndege, mmiliki wake na safari yake ya mwisho.

Kwa nini hupotea haraka

Ndege za mbao hazikuundwa zidumu. Kiunzi chake ni vipande vyembamba vya mbao nyepesi vilivyounganishwa kwa gundi, misumari midogo na nyaya za chuma. Juu yake huvutwa kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa maalumu inayokikaza hadi kilie kama ngozi ya ngoma kikigongwa. Jua hukioza kitambaa hicho. Mvua ikipenya, maji hutuama ndani ya bawa na mbao huanza kuoza kuanzia kwenye viungo.

Gundi nayo ina kisa chake. Kwa miaka mingi viwanda vilitumia gundi iliyotokana na protini ya maziwa. Katika nchi za joto na unyevu, gundi hiyo ilishambuliwa na ukungu, na viungo vikaachia bila dalili kuonekana nje. Tatizo hilo lilijitokeza katika Vita vya Pili vya Dunia kwa ndege za mbao za Mosquito zilizopelekwa Asia, na likachangia watengenezaji kuhamia gundi za kemikali. Hapa kwetu ongeza mchwa na moto wa nyika, na ndege iliyoachwa porini haibakizi mbao. Kinachosalia ni injini, matangi, nyaya, vifungo vya chuma na vibao vya namba.

Vitu hivyo vilivyosalia ndivyo vyenye soko katika biashara ya vyuma chakavu. Hapo ndipo hasara inapotokea. Injini ya kale ikikatwa na kuuzwa kwa kilo, aliyeiuza hupata fedha ya siku chache, na taifa hupoteza kitu kisichoweza kununuliwa tena.

Kazi inavyofanyika katika karakana

Kuna njia mbili za kuikarabati ndege ya kale, na ni muhimu kuzitofautisha. Ya kwanza ni kuirejesha ili iruke. Hapo usalama hutangulia kila kitu. Kila kipande chenye shaka hutolewa na kuwekwa kipya, na mamlaka ya usafiri wa anga sharti ijiridhishe. Ya pili ni kuirejesha kwa maonesho ya makumbusho. Hapa lengo ni kubakiza kadiri iwezekanavyo kile cha asili, hata kikiwa kimechakaa, kwa kuwa mbao ya zamani yenye alama ya msumeno wa fundi wake ina habari ambayo mbao mpya haina.

Kazi ya makumbusho hufuata hatua zifuatazo. Kwanza ni utambuzi: namba za injini, vibao vya kiwanda na alama za usajili husomwa na kulinganishwa na nyaraka. Pili ni kumbukumbu: kila sehemu hupigwa picha na kuchorwa ikiwa kama ilivyopatikana, kabla ya kuguswa. Tatu ni kukausha polepole na kusafisha kwa brashi laini. Kusugua kwa msasa katika hatua hii ni kosa kubwa, maana tabaka za rangi zilizo chini ndizo zinazoonesha ndege ilivyobadilishwa wamiliki na kazi.

Hatua ya nne ni useremala. Ubao uliooza nusu hautupwi wote. Sehemu mbovu hukatwa kwa mshazari, na kipande kipya hukatwa mshazari huohuo na kuunganishwa nao kwa gundi. Kwa kawaida urefu wa mshazari huwa takriban mara 12 ya unene wa ubao, ili gundi ipate eneo pana la kushika. Kipande kipya huwekewa alama na tarehe, ili mtafiti wa baadaye asikidhanie kuwa cha asili.

Hatua ya tano ni kitambaa. Kitani hushonwa, huvutwa juu ya kiunzi na kufungwa kwa uzi kwenye kila ubavu wa bawa, kisha hupakwa dawa ya kukaza tabaka kwa tabaka. Mafundi cherehani wazuri huthaminiwa sana hapa, sawa na mafundi mitambo. Dawa hiyo hushika moto kwa urahisi na mvuke wake hudhuru mapafu, hivyo hupakwa mahali penye hewa ya kutosha, mbali na cheche.

Injini hutolewa mafuta yote ya zamani, huondolewa kutu na kupakwa mafuta ya kinga bila kuwashwa. Hatimaye ndege huwekwa juu ya vishikizo ili uzito usiharibu magurudumu, katika jengo lisilopigwa na jua moja kwa moja na lenye unyevu usiobadilika sana.

Tahadhari moja inahitaji kutajwa peke yake. Saa na vipimo vya ndege nyingi za kale vilipakwa rangi yenye madini ya radi ili vionekane gizani. Hata kama rangi hiyo haing'ai tena, mionzi bado ipo. Vipimo hivyo havifunguliwi wala kukwanguliwa na asiye mtaalamu.

Mifano ya waliofanikiwa

Nchini Uingereza, makumbusho ya ndege za de Havilland yaliyopo Salisbury Hall, kaskazini mwa London, yalitokana na uamuzi wa watu wachache. Ndege ya kwanza kabisa ya Mosquito, iliyosanifiwa katika jumba hilo na kuruka Novemba 1940, ilikuwa ikielekea kuteketezwa baada ya kumaliza kazi yake. Mfanyakazi mmoja wa kampuni aliitunza badala ya kuiacha ichomwe, na Walter Goldsmith, ofisa mstaafu wa jeshi aliyekuwa amelinunua jumba hilo, akaipatia mahali pa kukaa. Makumbusho yalifunguliwa kwa umma Mei 1959. Wanaojitolea ndio wameubeba mzigo wa kazi, kwa miaka mingi, wakikarabati ndege moja baada ya nyingine. Miongoni mwa aina zinazohifadhiwa hapo ni Dragon Rapide, ndugu wa zile zilizoanzisha Shirika la Ndege la Afrika Mashariki.

Huko Montrose, Scotland, kwenye uwanja wa kijeshi ulioanza kutumika mwaka 1913, wanaojitolea walichukua njia nyingine. Kwa kukosa ndege ya asili, waliunda nakala ya ukubwa kamili ya BE2a, ndege iliyoitangulia ile iliyopita juu ya Handeni. Nakala haifichwi kuwa ni nakala, na bado inamwezesha mtoto wa shule kuona jinsi watu wawili walivyoketi hewani wakizungukwa na mbao na kitambaa tu.

Moyo huo si mgeni kwetu. Jijini Tanga, Makumbusho ya Urithi yameanzishwa katika jengo la kale la utawala la enzi ya Wajerumani, kwa juhudi za wananchi wanaothamini historia ya mji wao. Jijini Dar es Salaam, Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni huonesha magari ya kale yaliyowahi kuwabeba viongozi wa nchi, na wageni huyazunguka kwa shauku. Vyombo vya usafiri huvuta watu wa rika zote, kwa kuwa kila mtu anaelewa maana ya safari.

Sheria na taasisi

Wananchi wengi hudhani kwamba kila kitu cha zamani kinalindwa na sheria moja kwa moja. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, kama ilivyorekebishwa mwaka 1979, iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa umri kwa vitu vilivyotengenezwa na binadamu kuhesabiwa kuwa vya kale. Ndege ya kwanza duniani iliruka mwaka 1903. Kwa hiyo hakuna ndege inayofikia mpaka huo kwa umri wake pekee, na ulinzi wake hutegemea tamko mahususi la Serikali au kupokelewa kwake na makumbusho.

Hii ina maana kwamba kati ya siku kipande kinapoonekana na siku kinapofika katika mikono ya taasisi, mlinzi wake mkuu ni mwananchi aliyekiona na viongozi wa kijiji chake. Masuala ya malikale yako chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Makumbusho ya Taifa la Tanzania, yanayoendeshwa chini ya sheria ya mwaka 1980, ndiyo taasisi yenye utaalamu wa kupokea, kuorodhesha na kuhifadhi vitu vya aina hii. Usajili wa ndege za kiraia uko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na ndege iliyotelekezwa yaweza bado kuwa na mmiliki halali. Umiliki huo unapaswa kufahamika kabla ya kuihamisha.

Mwananchi afanye nini

Mtu anayelima, kuchunga, kuchimba kisima au kufyeka shamba la mkonge katika Handeni au Korogwe akikutana na chuma, injini au kipande kinachofanana na chombo cha kale, anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Asikiguse wala kukigonga kitu chenye umbo la bomu au risasi, hata kikiwa kimejaa kutu. Awazuie watoto kukaribia, aweke alama kwa mbali na kutoa taarifa polisi mara moja.

2. Kitu kisicho na dalili ya hatari kiachwe mahali kilipo. Mahali penyewe, kina cha ardhi na vitu vilivyokizunguka ni sehemu ya ushahidi. Kikihamishwa, ushahidi huo hauwezi kurudishwa.

3. Kipigwe picha kutoka pande kadhaa, pamoja na kitu cha kulinganishia ukubwa. Namba au herufi zozote ziandikwe kama zilivyo, bila kukwangua.

4. Taarifa ipelekwe kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, naye aifikishe kwa Afisa Utamaduni wa Halmashauri ili makumbusho yajulishwe.

5. Kisikatwe, kisisafishwe wala kuuzwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu anayeletewa chuma chenye vibao vya namba au umbo lisilo la kawaida naye aulize kwanza kilikotoka.

6. Wazee wanaokumbuka kusimuliwa na wazazi wao habari za viwanja vya ndege, njia za wapagazi au reli ndogo ya Wajerumani iliyotoka Mombo kuelekea Handeni wasikilizwe na kurekodiwa. Majina ya mahali wanayoyataja mara nyingi ndiyo pekee yanayoweza kumwelekeza mtafiti.

Walimu wa historia na wa ufundi wanaweza kuanza bila ndege yoyote. Vijana wanaojifunza useremala, ushonaji au umakanika wanaweza kuunda kipande cha bawa kwa mbao na kitambaa na kujifunza kwa vitendo kwa nini chombo chepesi namna hiyo kiliweza kubeba watu wawili. Stadi zinazohitajika zipo tayari katika karakana za Korogwe na Handeni. Kinachokosekana ni mazoea ya kuzielekeza katika urithi wetu.

Mwenye taarifa kuhusu masalia ya aina hii anaombwa kuanzia ofisi ya kijiji au mtaa wake, na kuhifadhi picha na maelezo ya mahali hadi mtaalamu atakapofika.